Shafti Iliyovunja Vyungu

Tumemzika Mama Sekela kule Lyulilo, hatua chache juu ya mchanga, pale milima ya Ukinga inaposhuka mpaka inaloweka miguu ziwani. Nilipewa kiti cha mbele kwa sababu ya miguu yangu, na pia kwa sababu magari yaliyobeba waombolezaji kutoka Ipinda yalikuwa yangu, sina haja ya kujifanya sijui. Mjukuu wake akasoma wasifu wa marehemu kutoka kwenye karatasi: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akazaa saba, wamebaki wanne, alifinyanga vyungu mpaka macho yalipomkataa, aliimba kwaya ya akina mama. Basi. Karatasi ikakunjwa. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa na fimbo mkononi, na nguvu za kusimama nilikuwa nazo, maana asubuhi hiyo nilikuwa nimesimama kumgombeza dereva. Sikusimama. Nimekaa na jambo hilo toka siku ile, na sasa nimeamua kuliandika. Nitaandika kama ninavyoongea, kwa sababu shule niliishia darasa la pili. Kilichobaki nilifundishwa na vyuma.

Habari za ukoo wangu sitaziandika. Kila mzee akishika kalamu huanza na babu yake na ng'ombe wa babu yake, msomaji akasinzia. Mimi naanza na chumba. Kilikuwa stoo ya bati nyuma ya duka la Bwana Hirji pale Ipinda, enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya askari wetu kurudi Burma. Kilinuka mafuta ya taa, sabuni ya mche na magunia ya mpunga. Mchana jua likiwaka bati lilitoa mlio kama mtu anayevunja vidole. Nusu ya chumba ilikuwa karakana yangu, nusu ilikuwa kitanda changu, yaani magunia matupu. Ukuta wa kutenganisha stoo na duka ulikuwa wa mbao zilizoachana, na lolote lililosemwa dukani nililipata kama nimeambiwa mimi. Chakula nilikula kwa Angolile, nyumba ya tatu toka dukani. Mke wake alipika mbalaga, ndizi zile zilizoiva kwa mchuzi mpaka zinakatika kwa kijiko, na siku ya neema kulikuwa na mbasa wa kukaanga aliyetoka ziwani asubuhi. Nimekula hotelini Mbeya na Dar es Salaam na sijakutana tena na mbasa yule.

Nilikuwa na miaka ishirini na ushei. Ufundi nilikuwa nimeudokoa Tukuyu, kwa kuosha vyuma vya malori na kutazama mafundi wanafanya nini. Kazi ikaisha. Wakati huo waandikishaji wa migodi ya Kusini walikuwa wanapita, na mimi nilikuwa nimeshabonyeza dole gumba kwenye karatasi yao. Lori lao lilikuwa lije Tukuyu mwisho wa mavuno ya mpunga. Niliogopa, nakubali. Wa rika langu wawili walikuwa wamerudi wanakohoa, na mmoja hakurudi kabisa, lilirudi sanduku lake la bati. Bwana Hirji alijuana na karani wa waandikishaji. Aliniambia mbele ya watu: "Gwakisa, mashine yangu ikitembea na mzigo kutoka ziwani mpaka hapa, jina lako nitalifuta mwenyewe, na stoo hii itakuwa gereji yako. Isipotembea, safari njema." Huo ndio ulikuwa mwaka wangu. Kila nilichokikata na kila nilichokichomelea, nilikuwa nalikimbia lile lori la migodi.

Sasa mashine. Wanawake wa Kikisi wa Lyulilo walikuwa wakibeba vyungu kichwani kuleta huku bara, mwendo wa siku nzima mchangani. Hawakuuza kwa pesa. Chungu kilibadilishwa na mpunga unaokijaza: unamwaga mpunga ndani, ukifika mdomoni chungu ni chako na mpunga ni wake. Ndiyo maana chungu chenye ufa hakina maana, huwezi kupimia. Bwana Hirji aliona kwamba akileta vyungu vingi kwa safari moja, mpunga wa kurudi nao utakuwa mwingi, na yeye atakuwepo katikati. Lori halikupita ile barabara, vidaraja vilikuwa vya magogo. Pikipiki ilipita, lakini pikipiki inabeba vyungu vingapi? Basi akataka pikipiki ya magurudumu matatu, yenye kitanda cha mbao nyuma. Vijana wa leo mnaona guta na bajaji kila kona mnadhani zilishuka na mvua. Wakati ule hatukuwa tumeona hata moja.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya jeshi, iliachwa na Mzungu mmoja wa chai alipohama. Nzito kama ndama, na haikuwa na mnyororo. Nguvu ya injini ilikwenda nyuma kwa shafti, bomba la chuma linalozunguka. Mwendeshaji alikuwa Angolile. Alipeleka barua za jeshi kwa pikipiki kule Burma, akarudi na goti la kushoto lisilokunjika, kwa hiyo magurudumu mawili hakuweza tena kuyasimamisha. Alikuwa akiipapasa ile pikipiki kama mtu anayempapasa mbwa aliyemdhania amekufa. Nyuma nikafunga ekseli ya gari dogo lililotumbukia Mto Mbaka, pamoja na difu yake, lile boga la chuma la katikati linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Kuunganisha injini na difu nikachukua shafti ya gari lile lile. Ilikuwa ndefu mno kwa urefu wa mkono. Nikaikata katikati kwa msumeno wa chuma, nikatoa kipande, nikakutanisha ncha mbili na kuzichomelea kwa gesi ya kabaidi. Nilipomaliza niliitazama kwa jicho moja toka mwanzo mpaka mwisho. Imenyooka kama risasi. Nikajisifu.

Siku ya kuijaribu, Ipinda nzima ilikuja. Angolile akakanyaga, ikanguruma, akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi, na mashine ikarudi nyuma mbio ikaingia kwenye mikungu ya ndizi ya mama mmoja. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Fundi, inarudi Tukuyu kumtafuta Mzungu wake!"

"Angolile, geuza kiti, ukae unatazama nyuma!"

Kosa lile nililitambua mwenyewe, na hilo nalisema kwa kifua mbele. Shafti ya pikipiki ile ilizunguka kinyume na ya gari. Nikaipindua difu, juu ikawa chini, nikaziba tundu la mafuta la zamani na kutoboa jipya, na siku iliyofuata mashine ikaenda mbele kama mtu mwenye akili. Hakuna aliyenisaidia. Nadhani kosa lile ndilo lililoniharibu, maana tangu hapo niliamini hakuna kitu katika mashine ile kinachoweza kunipita.

Tukaenda Lyulilo, Angolile mbele, mimi nimekaa kitandani. Tukitambaa mchangani haikuwa na neno. Penye njia ngumu, ikishika mwendo, ilianza kutetemeka. Meno yaligongana. Angolile akasema ni barabara. Nikasema ni barabara. Kule tukamkuta Mama Sekela, mwanamke wa umri wangu au zaidi kidogo, mtoto wake Sekela mgongoni, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Wenzake walikataa kuweka vyungu vyao kwenye kitu kinachonguruma. Yeye akaizunguka mashine mara mbili, akakigonga kitanda kwa kidole, akasema, "Nitaweka ishirini. Na mimi nitakaa navyo." Tulivipanga kwenye majani makavu ya migomba. Alikaa katikati, mtoto kifuani sasa, na njiani aliuliza mara moja tu, "Hiki kinaumwa?"

Tulipofika Ipinda tukashusha, na yeye akavigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima kinalia, chenye ufa kinasema "tup", kama kugonga gunia. Nilihesabu "tup" kumi na moja. Bwana Hirji alisimama mlangoni mwa duka, akageuka, akaingia ndani. Watu wakanitazama.

"Barabara mbaya," nikasema. "Mashimo."

Mama Sekela alikuwa amechuchumaa, anavigeuza vile vyenye ufa. "Fundi, njoo."

"Mama, nimekuambia ni mashimo."

"Shimo likivunja chungu linakivunja shingo, maana vinagongana. Tazama hivi. Shingo nzima. Vyote vimepasuka kitako. Havikugongana hivi, vimetikiswa." Akasimama, akanionyesha kitandani kwa mkono. "Na vya pembeni, juu ya magurudumu, ambavyo vingerushwa na mashimo, vizima. Vilivyokufa ni vya katikati. Chini ya katikati kuna nini?"

"Shafti."

"Basi mchawi wako ni huyo."

Watu wakacheka tena. Mimi nikaingia stoo nikakaa juu ya magunia. Ilikuwa saa ya chakula, Angolile alikuwa dukani na Bwana Hirji, nikasikia chai inamiminwa na maneno yao yakapita kwenye mbao.

"Huyu kijana anajua au anabahatisha?" Bwana Hirji aliuliza.

"Anajua. Difu aliigeuza mwenyewe."

"Difu, sawa. Hii je? Angolile, sikiliza. Gereji siwezi kumpa mtu anayesubiri kufundishwa. Mashine itaharibika kila siku, nani atakuwepo kumfundisha kila siku? Kama kosa hili analiona kwa kichwa chake, anabaki. Kama hawezi, mwache aende kwa wenye migodi, huko wana mafundi wao, yeye atachimba."

"Mpe wiki."

"Nampa safari moja."

Wali ulioletwa siku hiyo sikuula. Nilitambaa chini ya mashine, nikaifungua shafti, nikaileta ndani nikailaza kwenye magogo mawili yenye panda ili niizungushe kwa mkono. Niliizungusha mpaka kiganja kikawa cheusi. Imenyooka. Kiungo cha kuchomelea kizuri, hakina kichuguu. Nikawa nataka kuitupa nje. Ndipo Mama Sekela akaingia bila kubisha hodi, mtoto amelala mgongoni, akanisalimu, "Mwagonile," nikajibu, "Ndaga," kwa mdomo tu.

"Nionyeshe mchawi."

"Mama, hiki ni chuma. Siyo udongo."

"Nimeona. Udongo ungekuambia mapema."

Akachuchumaa. Aliizungusha polepole kwa vidole viwili, kama wanavyozungusha chungu juu ya kigae wakikijenga, uso kaugeuzia pembeni hata haangalii. Kisha akaangalia ncha. Kila ncha ya shafti ina masikio mawili, ndivyo tulivyoyaita, vyuma viwili vinavyoshika krosi, na krosi ndiyo inayoiruhusu shafti ijikunje kidogo huku inazunguka. Aliuliza kazi ya masikio, nikamweleza nikiwa nimechoka. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa bonge la udongo mweupe na kamba nyembamba ya mgomba. Akatemea bonge mate, akaipitisha kamba juu yake mpaka ikawa nyeupe.

"Shika hapa, katikati ya sikio. Kaza."

Nilikaza. Yeye akaivuta kamba mpaka ncha ya pili, akainyanyua kwa vidole na kuiachia. Ilipiga bomba, "pa", ikaacha mstari mweupe toka mwanzo hadi mwisho. Upande wangu mstari ulianza katikati ya sikio. Upande wake ulifika mahali pasipo na sikio, patupu. Sikio lilikuwa vidole vitatu pembeni.

"Sisi tukitaka kuchora bega la chungu tunaanza na mstari," alisema. "Bila hivyo michoro ya huku haikutani na ya kule. Wewe uliunganisha bila mstari. Sikio lako hili linasikiliza Matema, na hili linasikiliza Mwaya. Likiitwa huku, lile linavuta kule. Lazima kitetemeke."

Nimekuwa fundi maisha yangu yote na sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi ya hapo. Masikio ya ncha mbili lazima yatazame upande mmoja. Yakipishana, ncha moja inaharakisha wakati nyingine inachelewa, na pikipiki nzima inalipa. Ukienda polepole huoni, ukishika mwendo unaona. Mimi nilipokata shafti nilikuwa na macho ya kutazama unyoofu tu. Alipokuwa anaongea nilihisi joto usoni, na sikumwambia hata ndaga, yaani asante. Nilisema, "Nilikuwa naelekea huko huko." Yeye akapandisha mtoto mgongoni, akasema, "Haya, fundi," akatoka. Kamba na bonge aliviacha juu ya gunia.

Alasiri ile ile nikaikata shafti tena palepale penye kiungo. Nikapiga mstari kutoka sikio hadi sikio, nikachomelea nukta nne kwanza, nikapima, ndipo nikazungusha moto wote. Mama Sekela alibadilisha vyungu vyake tisa kwa mpunga na kulala kwa jamaa yake. Kesho yake tulimrudisha Lyulilo na mashine, na kwenye njia ngumu Angolile aliongeza mwendo, akaongeza tena, akaanza kuimba wimbo wa jeshi kwa sauti mbaya sana. Hapakuwa na kutetemeka. Mama Sekela alikuwa amekaa juu ya gunia lake la mpunga, amefumba macho. Nadhani alikuwa anasikiliza.

Tulipakia ishirini vingine. Wenzake wawili wakaongeza sita vyao, wakasema kama vitavunjika watamla Angolile nyama. Tulipoingia Ipinda ilikuwa mchana na watu wengi kuliko siku ya ndizi. Bwana Hirji alitoka nje kabisa safari hii, mikono nyuma. Mama Sekela alishuka, akaanza kugonga. Kila kimoja kililia. Watu walianza kuhesabu naye kwa sauti, kumi, kumi na moja, na walipofika ishirini na sita mtu akapiga vigelegele. Angolile alikuwa analia, anajifanya ni vumbi.

Bwana Hirji akauliza, siyo mimi, aliuliza watu wote: "Kosa lilikuwa wapi?"

Nikasema, "Shafti. Masikio yalipishana."

"Nani ameliona?"

Mama Sekela alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, mkono juu ya chungu cha mwisho. Nilikuwa nasikia bado zile mbao: kwa kichwa chake, anabaki. Nililiona lile sanduku la bati lililorudi bila mwenyewe.

"Mimi," nikasema.

Hakunipinga. Alinitazama muda wa kuvuta pumzi moja, kisha akamgeukia mwanamke aliyekuwa na ungo wa mpunga akamwambia, "Mwaga, dada, hiki hakina ufa." Wiki ile jina langu likafutwa kwa karani. Lori lilipita Tukuyu bila mimi. Stoo ikawa gereji yangu, na Bwana Hirji alipoondoka miaka ya baadaye niliinunua na duka lake pia. Kila nilicho nacho kilitoka pale. Nimefundisha mafundi siwezi kuwahesabu, na wote kabla ya kukata shafti wanapiga mstari mweupe kwa kamba. Wanauita mstari wa Mzee Gwakisa. Bonge la udongo likiisha namtuma mtu Lyulilo alete lingine. Mwenyewe sikwenda. Mama Sekela nilikutana naye sokoni mara nyingi, kanisani mara nyingi zaidi, akaniita fundi kila mara, nikamwita mama, tukaulizana hali ya watoto. Watu wanaweza kuishi hivyo miaka mingi. Mimi nimeishi.

Baada ya mazishi, watu wanapakua wali, nilimwita Sekela. Yule wa mgongoni. Sasa ni bibi mwenye mvi, anatembea akishika kiuno. Tulikaa kwenye jiwe karibu na tanuru la mama yake, lililozimika. Nikamwambia yote, toka vyungu kumi na kimoja hadi neno langu moja mbele ya Bwana Hirji. Nilitegemea atashangaa au atakasirika. Aliendelea kuchambua mwiba wa samaki kwenye sahani yake.

"Mzee, hilo tunalijua," alisema. "Mama alitusimulia toka wadogo. Wakisi wote wanalijua. Hao uliokuwa unawatuma udongo, walikuwa wakiondoka, sisi nyuma tunacheka."

"Mbona hamkusema?"

"Mama alikataa. Alisema, mwacheni, analijua mwenyewe." Akaweka sahani chini. "Lyulilo yote inajua. Ni Ipinda tu ndiko hawajui."

Basi, watu wa Ipinda. Sasa na ninyi mnajua. Mstari ule ni wa Mama Sekela.